Nyota nyingi kwenye telefone, lakini je, mtoto anajua hesabu?



Wiki iliyopita niliahidi kuandika juu ya kaye za watoto na namna ya kuzitunza hadi mwisho wa mwaka. Mnisamehe, hiyo itangoja kidogo. Kuna swali nililoulizwa na vikundi viwili vya akina mama ndani ya siku kumi, na swali lenyewe lina pesa ndani yake. Pesa ya kikundi haingoji.

Swali ni hili. Muuzaji mmoja wa vyombo vya umeme alipita, akaonyesha tableti yenye michezo ya hesabu. Akasema mtoto akicheza miezi mitatu, atakuwa wa kwanza darasani. Bei ni dola 90 kwa moja. Mama wa kikundi kimoja wanataka kununua nne kwa pesa ya akiba yao ya mwaka, ile ya AVEC ambayo wangegawana mwishoni. Nne ni dola 360. Wakaniuliza: “Mwalimu, ni kweli hicho kitu kinafundisha, ama ni mchezo tu?”

Sikujibu siku ile. Nilisema nitaandika, ili wote wasome au wasomewe. Leo najibu, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Mtoto wangu na mchele

Mwanangu wa pili ana miaka 8, yuko mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Mjomba wake aliporudi kutoka Bukavu alimletea telefone ya zamani, ndani yake kuna programu ya hesabu, aplikasio kama wengi tunavyosema. Kila jioni mtoto anacheza. Inapiga muziki, nyota zinaanguka, ndege anaruka. Baada ya miezi miwili alikuwa amefika daraja la 40. Nilijisifu mbele ya jirani, nikasema mtoto wa mwalimu ni mwalimu.

Siku moja nikamtuma sokoni na noti ya faranga 5.000, anunue vikombe vitatu vya mchele. Kikombe kimoja ni faranga 1.500. Akarudi na mchele na faranga 200. Nikamuuliza: ulipaswa kurudisha ngapi? Akanyamaza. Nikauliza tena. Akasema: “Mama, hakuna majibu ya kuchagua.”

Jibu hilo lilinifundisha kuliko kitabu. Jioni ile nilikaa nyuma yake na kuangalia. Programu inauliza 3 mara 4, kisha inaonyesha majibu manne. Mtoto anagusa la kwanza, linakuwa jekundu. Anagusa la pili, jekundu. Anagusa la tatu, linakuwa kijani, nyota zinaanguka, anaendelea. Hakuwa anahesabu. Alikuwa anajaribu milango mpaka mmoja ufunguke, na kila mlango ukifunguka anapewa zawadi. Miezi miwili mtoto alijifunza kugusa haraka. Faranga 300 zilibaki sokoni, na sikuweza kumlaumu mwenye duka wala mtoto. Niliyepaswa kuangalia ni mimi.

Mama wapendwa, sisemi kwa sababu hiyo kwamba programu zote ni uongo. Ngoja niwape upande wa pili.

Msichana wa 52 kutoa 27

Darasani kwangu kuna msichana ambaye kila mara akitoa 27 kwenye 52 anapata 35. Tangu shule ya msingi ya serikali ilipokuwa bure mwaka 2019, madarasa yetu yamejaa, nanyi mnajua. Mimi nina watoto zaidi ya 70. Niliona kosa kwenye kaye yake, niliweka alama nyekundu, nikaendelea na wengine. Sikuuliza 35 inatoka wapi.

Dada yake mkubwa alikuwa na programu nyingine kwenye telefone. Ile haikuwa na ndege wala muziki mwingi. Ilionyesha vijiti 52: mafungu matano ya kumi kumi, na vijiti viwili peke yake. Ikamwambia mtoto aondoe 7. Viko viwili tu, basi haiwezekani. Mtoto anagusa fungu moja, linafunguka, vijiti kumi vinaanguka karibu na vile viwili. Sasa viko 12, anaondoa 7, vinabaki 5. Mafungu yamebaki manne, anaondoa mawili, yanabaki mawili. Jibu ni 25.

Msichana alikuja asubuhi kunieleza kwa maneno yake: “Mwalimu, nilikuwa nageuza. Nilikuwa natoa mbili kwenye saba kwa sababu saba ni kubwa.” Hapo nikaelewa kosa lake la miezi. 5 kutoa 2 ni 3, 7 kutoa 2 ni 5, ndiyo 35 yake. Programu ile ilimsaidia kweli. Na jambo la pili: siku hiyo nilikata vijiti vya miti, nikavifunga kumi kumi kwa kamba ya mgomba, nikafundisha darasa lote somo lile lile bila umeme wala telefone.

Basi kuna programu inayofundisha, na kuna programu inayotuza kubahatisha. Zote mbili zimeandikwa “hesabu kwa watoto” kwa juu. Muuzaji hawezi kukuambia tofauti, pengine hata yeye haijui.

Waliojaribu kabla yetu

Swali letu si geni. Watu wamelipima, tena karibu na sisi na kwa lugha yetu.

Mwaka 2019 lilimalizika shindano kubwa lililoitwa Global Learning XPRIZE. Zawadi zake zilikuwa dola milioni 15, zilizotolewa na tajiri Elon Musk. Timu tano zilizofika mwisho zilitengeneza programu za kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, bila mwalimu. Zilijaribiwa mkoa wa Tanga, Tanzania, katika vijiji karibu 170, kwa watoto karibu 3.000. Google ilitoa tableti, serikali ya Tanzania, UNESCO na Programu ya Chakula ya Dunia zilisaidia, na mitambo ya jua iliwekwa ili kuchaji. Watoto wengi wa vijiji hivyo walikuwa hawajaingia shule kamwe, na zaidi ya 90 kwa mia hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua nusu. Kwa hesabu, programu zote tano zilisaidia, na kwa kiasi kinachofanana. Timu mbili zilishinda pamoja: Kitkit School, na onebillion ya London. Programu zote tano ziliachwa wazi ili yeyote azitumie na kuzibadilisha.

Soma habari hiyo mara mbili, mama. Mara ya kwanza, furahi: mtoto asiye na shule alijifunza kwa Kiswahili. Mara ya pili, pima: miezi 15, si mitatu. Na kwa kusoma, baada ya miezi hiyo yote bado wengi walikuwa hawajaweza neno moja. Muuzaji wetu anaahidi zaidi ya washindi wa dola milioni.

Kule Malawi, katika shule moja ya mji wa Lilongwe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham walipima programu ya hesabu ya onebillion kwa lugha ya Chichewa. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Napenda namna walivyofanya. Waligawa watoto wa miaka mitatu ya kwanza katika makundi matatu. Kundi moja lilitumia tableti yenye hesabu. Kundi la pili lilipewa tableti pia, lakini zenye mambo mengine, si hesabu. Kundi la tatu liliendelea na mwalimu kama kawaida. Baada ya wiki 8, kundi la hesabu lilienda mbele zaidi. Kwa nini kundi la pili? Ili isije ikasemwa kwamba watoto walifurahia tu kioo kinachong’aa. Hapo ilionekana kwamba si tableti iliyofundisha, ni kile kilichokuwa ndani yake.

Na anayedharau tofauti hiyo aangalie Peru, kule Amerika ya Kusini. Serikali ya huko iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya watoto wa shule. Banki ya Maendeleo ya Amerika ilipima, na mwaka 2012 ikatangaza kwamba haikuona watoto wakipanda kwa hesabu wala kwa lugha. Vyombo vilikuwepo, lakini hakukuwa na mpango mzuri wa nini mtoto afanye navyo. Chombo bila somo ni kama sufuria bila chakula. Unaweza kuisugua ing’ae, watoto watalala na njaa.

Programu ya nani, na kwa lugha gani?

Hapa kwetu kuna mambo ambayo mgeni hayaoni, lakini yanamchanganya mtoto.

La kwanza ni Kifaransa. Shuleni tunasema septante kwa 70 na nonante kwa 90, kama tulivyorithi kwa Wabelgiji. Programu iliyotengenezwa Ufaransa inasema soixante-dix na quatre-vingt-dix. Mtoto wa mwaka wa pili anasikia “sitini na kumi” na anadhani amesikia namba mbili. Si mjinga, ni programu isiyomjua.

La pili ni mkato na nukta. Mimi hapa naandika 1.500 kwa elfu moja na mia tano, na shuleni tunaandika 2,5 kwa mbili na nusu. Programu za Waingereza, na zile zilizotengenezwa kwa shule za Kenya au Tanzania, zinageuza: elfu moja na mia mbili hamsini ni 1,250, na mbili na nusu ni 2.5. Mtoto wa mwaka wa tano aliyezoea telefone akiandika hivyo kwenye mtihani, mwalimu atasoma moja na robo. Hata kugawanya kwa kuandika kunapangwa tofauti. Kwa wadogo wa mwaka wa kwanza na wa pili hilo si tatizo, namba zao ni ndogo. Kwa wakubwa, angalia.

La tatu ni zuri. Kiswahili chetu kilifika Kasongo na Kabambare kwa njia ya misafara kutoka pwani, zaidi ya miaka mia iliyopita. Kwa hiyo programu iliyotengenezwa kwa watoto wa Tanga, mtoto wetu anaielewa karibu yote. Na Kiswahili kina namba rahisi kwa mtoto: kumi na moja, kumi na mbili, ishirini na tatu. Neno lenyewe linamwonyesha fungu la kumi na kile kinachobaki. Kwa Kifaransa, onze na douze ni ya kukariri tu. Mtoto mdogo akielewa kwanza kwa Kiswahili, atabeba uelewa huo kwenda Kifaransa. Mama, usione aibu kumhesabia mwanao kwa Kiswahili. Hiyo ni kazi ya shule unayoifanya jikoni.

Mambo matano ya kuangalia

Haya unaweza kuyafanya hata kama hukusoma. Sitanii. Mama mmoja asiyejua kusoma alinisaidia kuyapanga.

Kwanza, bonyeza vibaya kwa makusudi. Chukua telefone, gusa jibu lolote, mara tano, mara kumi. Angalia inafanya nini. Ikikuacha uendelee na kukupa nyota, basi itampa mwanao nyota hivyo hivyo. Ikisimama, ikaonyesha vitu, ikarudia swali kwa namna nyingine, hiyo ina mwalimu ndani.

Pili, muulize mtoto: umejuaje? Usimuulize jibu ni ngapi, muulize amelipataje. Akieleza kwa vidole, kwa mawe, kwa maneno yake, anajifunza. Akisema “nimegusa tu,” amekwambia ukweli, usimpige kwa hilo.

Tatu, funga telefone, uliza swali lile lile kwa vitu. Kama programu imemfundisha 6 mara 4, mpe maharagwe, mwambie apange mistari sita ya nne nne. Anayejua kwenye kioo tu bado hajajua. Soko halina kioo.

Nne, angalia kama inamfuata mtoto. Mtoto akikosa mara nyingi, je, inarudi nyuma kwenye kitu rahisi? Akiweza, inapanda? Mjini Delhi, nchini India, watafiti walipima mwaka 2015 programu inayoitwa Mindspark. Watoto wengi walikuwa nyuma ya darasa lao kwa miaka kadhaa. Programu iliwaanzisha pale walipokuwa, si pale kitabu cha darasa kilipokuwa, na kwa miezi minne na nusu walipanda kwa hesabu kuliko wenzao. Mwalimu mwenye watoto 70 hawezi kufanya hivyo kwa kila mmoja. Hapo ndipo nakubali kabisa kwamba telefone inaweza kunisaidia.

Tano, zima mega, kisha uifungue. Programu nzuri kwa maisha yetu inafanya kazi bila intaneti. Ikikataa kufunguka, itakula pesa yako kila siku. Na angalia matangazo. Nimeona programu ya watoto inayoleta, kati ya kujumlisha na kutoa, tangazo la kubahatisha matokeo ya mpira kwa pesa. Mtoto wa miaka 8 hapaswi kufunguliwa mlango huo na mama yake mwenyewe.

Ikishindwa katika mambo mawili ya kwanza, ifute. Usihangaike na mengine.

Kupima wiki sita

Sasa kwa vikundi vinavyotaka kununua. Mama, tusinunue kwa macho. Mnaponunua mbegu za mpunga kwa mtu msiyemjua, mnaotesha kidogo kwanza. Tufanye hivyo hivyo.

Tafuteni ndani ya kikundi telefone mbili au tatu zinazofaa, za kuazima tu. Wekeni programu moja mliyoipima kwa mambo matano. Chagueni watoto kumi wa darasa moja au yanayokaribiana. Watano watumie programu dakika 20, siku tatu kwa wiki. Watano wengine, siku hizo hizo na dakika hizo hizo, wafanye hesabu na mama au dada mkubwa kwa maharagwe, vijiti na pesa. Msichague wenye akili upande mmoja. Andikeni majina kwenye vikaratasi, mvute.

Kabla ya kuanza, kila mtoto aulizwe maswali kumi, kwa kalamu na kwa mdomo, bila majibu ya kuchagua. Mengine yawe ya soko: nimenunua chumvi ya faranga 700, nimetoa 1.000, nirudishiwe ngapi? Chupa tatu za mawese kwa 2.000 moja ni ngapi? Andikeni nani kapata ngapi. Baada ya wiki sita, waulizwe maswali kumi mapya yenye uzito ule ule. Mimi niko tayari kuwatayarishia maswali hayo, ya mwaka wa pili, wa tatu na wa nne. Nitumieni mtoto na kaye.

Kwa nini makundi mawili? Kwa sababu wiki sita mtoto anaenda shule pia, anakua pia. Atapanda hata bila programu. Tukiangalia watano wa telefone peke yao, tutawapigia makofi kwa kitu ambacho pengine si cha telefone. Watoto kumi ni wachache, hawatatupa ukweli wote wa dunia. Lakini ni bora kuliko neno la muuzaji.

Hesabu ya mama wenyewe

Na tuifanye hesabu yetu kabla ya kuwafundisha watoto yao. Kikundi kile kina watoto kama 60. Tableti nne, kila mtoto dakika 20. 60 mara 20 ni dakika 1.200. Gawanya kwa nne, kila tableti itafanya kazi dakika 300, yaani saa tano kila siku. Nani atakaa nazo saa tano? Chaji itatoka wapi, na kila kuchaji kunalipiwa ngapi? Mkigawa watoto 20 kwa siku, kila tableti itafanya kazi dakika 100, na kila mtoto atapata siku mbili kwa wiki. Hilo linawezekana, lakini lina kazi, na kazi hiyo ina jina la mama fulani. Atajwe kabla ya pesa kutoka.

Tena kuna jambo moja naomba tulitazame bila kuficha. Telefone ikizunguka jioni, nani anaishika? Jioni wasichana wako njiani na bidoni za maji, au wanatwanga. Wavulana wako kwenye kivuli na telefone. Tukinunua tableti bila orodha ya zamu, tutakuwa tumenunua tableti za wavulana kwa akiba ya wanawake. Orodha iwe na majina, mvulana, msichana, mvulana, msichana, na saa ya msichana iwe saa ambayo hana kazi ya nyumba. Ikibidi mvulana achote maji siku hiyo, mto hautamkataa.

Na ile dola 360 ni nini kingine? Ni dawa ya mtoto usiku wa homa. Ni mbegu. Kwa mama wa kule Salamabila na Namoya ambao waume wao wako kwenye dhahabu, pengine ni pesa pekee ambayo hawaiombi kwa mtu. Sisemi isitumike kwa masomo. Mimi mwalimu nitasemaje hivyo? Nasema itoke baada ya kupima.

Wakati tunapima

Kuna mambo ya leo leo, yasiyongoja tableti.

Mtume mtoto sokoni, lakini kabla hajatoka aseme atarudi na ngapi. Akirudi, hesabuni pamoja. Ukipima mchele, mwache apime yeye na kuhesabu vikombe. Ukigawa mihogo iliyopikwa kwa watoto watano, mwambie mmoja agawe, na anayegawa achague wa mwisho: utaona anavyojifunza kugawanya sawasawa! Mchezo wa bao, ule wa mashimo na mbegu ambao wazee wetu wanaucheza chini ya mti, ni hesabu tupu: kuhesabu, kutabiri, kujumlisha kichwani. Babu anayekaa bila kazi alasiri ni mwalimu asiyedai mshahara. Mpelekee wajukuu.

Mwanangu je? Nilifuta programu ile ya ndege na nyota. Alilia siku mbili. Tukaweka nyingine, ya Kiswahili, isiyo na nyota nyingi, dakika 20 tu, na mimi nikiwa karibu nachambua mboga. Kila ikimalizika namuuliza swali moja: umejuaje? Mwanzoni alikasirika. Sasa anaanza kujibu kabla sijauliza.

Jumamosi nilimtuma tena mchele, vikombe viwili, na noti ya 5.000. Alisimama mlangoni, akatazama juu kidogo, midomo inasogea. Akasema: “Mama, nitarudi na elfu mbili.” Alirudi nazo. Akaziweka mezani moja moja, akiziangalia kama nyota.

Mkutano wa kikundi kile ni mwisho wa mwezi huu. Nitakuja na maswali yangu kumi, na wenye telefone waje nazo zikiwa na chaji. Juu ya kaye, nitaandika wiki ijayo, safari hii kweli.